Lord Delamere, kutu ya ngano na chapo yako ya Kendu Bay

Wewe msomaji unayekula chapo mbili na ndengu kila saa saba mchana, hebu tulia kidogo. Nina stori ya mzee mmoja ambaye jina lake umelisoma mara mia bila kujali. Umeliona kwenye pakiti ya maziwa, umeliona Naivasha pale mabasi yanaposimama watu wanunue yogati. Delamere. Wengi wetu tunamjua kama mzungu aliyekula ardhi, na hapo tunafunga kitabu. Mimi pia nilikuwa nimefunga. Aliyenifungulia ni dani, nyanya yangu, na hata hakukusudia.

Nilikuwa nimetoka Nairobi kumtembelea huko Kendu Bay. Ukifika pale sokoni asubuhi, upande wa Kendu ya zamani wenye msikiti mkongwe, utakuta akina mama wameshakaanga mandazi na chapati kabla jua halijaamka vizuri juu ya ziwa. Harufu yenyewe inakushika shati. Nilinunua chapo nne nikampelekea dani. Akala moja, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: ngano hii inatoka wapi, maana tangu azaliwe hajaiona shambani kwa mtu yeyote Karachuonyo.

Ni kweli. Kendu Bay kuna joto, kuna mtama, mahindi, mihogo na samaki. Ngano hutaiona. Inataka baridi ya Njoro, Mau Narok, Timau, Uasin Gishu, na hata hiyo haitutoshi. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya huja kwa meli. Dani aliniambia kuwa baba yake aliwahi kwenda kufanya kazi ya kibarua mashamba ya ngano huko Njoro akiwa kijana. Alirudi na blanketi, kikohozi, na hadithi kwamba ngano ya wazungu ilikuwa ikiugua hadi suruali za wavunaji zinageuka nyekundu.

Hiyo suruali nyekundu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nikaanza kusoma. (Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Lakini kusoma sijaacha.)

Basi, jamaa mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa ni Hugh Cholmondeley, na hilo la pili usijaribu kulisoma jinsi lilivyoandikwa, Waingereza wenyewe hulitamka kama Chamli. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 katika familia ya makabaila wenye jumba kubwa liitwalo Vale Royal, huko Cheshire, Uingereza. Akasomeshwa Eton, shule ya watoto wa wenye nchi. Mwaka 1887 baba yake akafariki, naye akiwa na miaka 17 tu akarithi cheo, mali na ardhi. Akawa Baron Delamere wa tatu. Fikiria wewe ukiwa na miaka 17, halafu unaambiwa shamba lote hili na watu wote hawa ni wako. Kilimo hakukisomea popote. Kilichomwasha moyo ni kuwinda.

Mwaka 1891 alifika Somalia kuwinda simba, akarudi tena na tena. Mwaka 1894 simba mmoja akachoka kuwindwa. Alimrukia Delamere, akamtafuna mguu, na angemmaliza kama si mbeba bunduki wake, Msomali aitwaye Abdullah Ashur, kumrukia simba mwenyewe kwa mikono yake. Delamere alipona lakini akachechemea hadi kufa. Sanamu ya Delamere ilisimama katikati ya Nairobi kwa miaka mingi. Ya Abdullah sijawahi kuisikia popote, na bila Abdullah hakuna stori.

Miaka miwili baadaye alianza safari nyingine na daktari Atkinson na msafara wa ngamia, kutoka Somalia kushuka kusini kupitia jangwa la kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 1897 wakatokea nyanda za juu za Kenya. Mtu ametembea miezi kwenye vumbi na miiba, halafu ghafla anaona nyasi za kijani, mito na baridi kama ya kwao. Akapagawa. Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, na kufikia 1903 walikuwa wamekuja kukaa.

Hapa kaa macho, kwa sababu ndipo kidonda kilipo.

Serikali ya kikoloni ilimkatalia maombi mawili ya kwanza ya ardhi. La pili lilikataliwa kwa hofu ya kugongana na Wamaasai. La tatu likapita: ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 kwenye shamba katika miaka mitano ya kwanza. Piga hesabu. Ni chini ya nusu peni kwa ekari moja kwa mwaka mzima. Akaliita shamba hilo Equator Ranch kwa kuwa mstari wa ikweta ulipita humo. Mwaka 1904 ndio Wamaasai waliwekewa mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa kwenda Laikipia na kusini, na mwaka 1911 wakaletewa mwingine wa kuwatoa Laikipia pia, ule uliohamisha watu na mifugo kupitia milima ya baridi, wengine wakifa njiani. Delamere hakuiandika mikataba hiyo, lakini alikuwa mfano mkubwa wa watu ambao ardhi iliachwa wazi kwa ajili yao. Baadaye akapata Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, na ardhi yake ikazidi kupanuka.

Kinachochekesha, na kinauma pia, ni kwamba Wamaasai walimjua vizuri na yeye aliwapenda. Alijifunza lugha yao, akawaajiri kuchunga, akakaa nao usiku akipiga soga kwenye nyumba yake ya udongo na nyasi. Lakini alipoleta kondoo wa bei ghali kutoka ng'ambo, hakujiuliza mbona wafugaji hodari kama wale hawakuwa wakipenda kulisha mifugo upande ule wa Njoro. Nyasi zilipendeza macho tu. Udongo ulikosa madini, na mifugo ikadhoofika ikiwa imeshiba. Kondoo wakafa kwa mamia. Akaleta ng'ombe wa kizungu, nao wakapata homa na magonjwa ya mapafu. Kila kitu alichogusa kilikufa. Huyu mtu tajiri alikuwa anasota, na madeni yakawa yanasomwa kwa hati za jumba la kwao Uingereza.

Ndipo akageukia ngano.

Alilima kwa pupa, kama afanyavyo mtu anayetaka kurudisha hela alizopoteza kwenye mchezo wa kamari. Mwaka 1908 alianzisha hata kampuni ya kusaga, akaiita kwa neno la Kiswahili: Unga. Ndiyo, ile ile Unga Limited. Mwaka uliofuata matumaini yake yote yalikuwa ndani ya ekari 1,200 za ngano. Ikamea vizuri, ikatoa masuke, kisha kutu ikaingia.

Labda hujawahi kuona kutu ya ngano, kwa hivyo nikueleze. Ni kuvu, ndugu ya ule ukungu unaoota kwenye mkate wa juzi, ila huyu huishi ndani ya mmea ulio hai na hunyonya chakula chake. Baada ya siku kama kumi hivi hupasua ngozi ya jani au shina na kutoa vumbi la rangi ya kutu. Kila chembe ya vumbi hilo ni mbegu ya ugonjwa. Upepo ukipiga, linakwenda kwa jirani, linakwenda wilaya nyingine, linaweza hata kuvuka bahari. Kuna kutu ya shina, kutu ya majani na kutu ya manjano. Ile ya shina ndiyo jambazi sugu: wiki tatu kabla ya mavuno unatazama shamba safi, siku ya mavuno unakuta mabua yamevunjika na punje zimesinyaa kama pilipili kavu. Na ukipita katikati, nguo zinageuka nyekundu. Baba ya dani hakuwa anapiga porojo.

Njoro ni mahali pabaya zaidi kwa ugonjwa huu kuliko Uingereza. Kule Ulaya baridi kali huua sehemu kubwa ya kuvu kila mwaka. Huku ikweta hakuna baridi ya namna hiyo. Kuna ngano ya kijani mahali fulani kila mwezi, bondeni au mlimani, na kuvu hula mwaka mzima bila likizo.

Mtu mwingine angefunga virago. Delamere alikopa tena, halafu akafanya jambo moja ambalo, nikiwa mkweli, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alijenga maabara ndogo ya ngano hapo hapo shambani kwa hela zake, akaajiri mtaalamu wa mbegu, Evans, na wakaanza kukusanya ngano kutoka pande zote za dunia. Kulikuwa na za Australia, kulikuwa na za Canada, na kulikuwa na ngano ya Rieti, mbegu ya kienyeji ya wakulima wa Italia ya kati. Wakulima wale wa Rieti walikuwa wameitunza vizazi na vizazi kwenye bonde lenye unyevu, bila maabara, wakichagua tu ile isiyougua. Hiyo Rieti ikumbuke, itarudi.

Mbinu yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Unapanda kila aina kwenye mstari wake, unaiacha kutu iingie, halafu unatembea kati ya mistari ukiangalia nani ameanguka na nani amesimama. Ile iliyosimama inaweza kuwa na unga mbaya au mavuno haba. Basi unaiozesha na nyingine. Ua la ngano hujizalisha lenyewe, kwa hiyo lazima ulifungue likiwa changa, utoe sehemu za kiume kwa kibano kidogo, kisha ulipake chavua ya ua la mmea mwingine. Unafanya hivyo ua kwa ua. Watoto wa kwanza hufanana, wajukuu ndio hutawanyika kila mmoja na tabia yake, na kati yao unatafuta mmoja mwenye nguvu ya huyu na utamu wa yule. Ni miaka kabla ya kupata gunia moja.

Usisahau ni lini. Ni mwaka 1905 tu ambapo Rowland Biffen wa Cambridge alikuwa ameonyesha kwamba uwezo wa ngano kukataa kutu ya manjano hurithiwa kutoka kwa wazazi kwa kanuni, kama rangi ya maua ya Mendel. Miaka michache baadaye, jamaa aliyeshindwa na kondoo alikuwa anaifanya kazi hiyo Njoro, mahali ambapo sehemu ya chakula cha jioni bado ilitoka kwenye bunduki. Na polepole ngano ikaanza kusimama. Kutoka kazi hiyo zikapatikana mbegu zilizoweza kuvunwa Kenya, majirani walowezi wakazifuata, na mashine za Unga zikapata kitu cha kusaga.

Je, tumpigie makofi? Subiri.

Mtu yuleyule aliyekuwa na subira ya kungoja wajukuu wa mmea hakuwa na subira hata kidogo na wajukuu wa binadamu wenzake wasio wazungu. Kuanzia 1907 alikaa kwenye baraza la kutunga sheria, akawa kiongozi wa walowezi, na siasa yake ilikuwa moja: nyanda za juu ziwe za wazungu na nchi itawaliwe na wazungu. Alipinga Wahindi kupata haki sawa kwa nguvu zake zote. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikatoa waraka uliosema kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika na maslahi ya Waafrika yatangulie. Usidhani maisha ya babu zetu yalibadilika asubuhi iliyofuata, kipande kilibaki shingoni na kodi ya nyumba ikaendelea, ndiyo maana vijana wa Karachuonyo walijikuta wakivuna ngano ya mtu mwingine. Lakini ndoto ya Delamere ya serikali ya walowezi ilikwama hapo.

Alikuwa pia mtu wa vituko. Nywele ndefu hadi mabegani, kofia kubwa kama ungo, na Nairobi bado wanasimulia alivyoingia na farasi ndani ya hoteli ya Norfolk. Mimi vituko hivyo havinichekeshi sana. Fikiria Mwafrika angeingia Norfolk ya wakati ule, achana na farasi, kwa miguu yake tu.

Florence alifariki mwaka 1914. Alikuwa ameacha maisha ya majumba akaja kukaa kwenye nyumba ya udongo, akaendesha shamba mume akiwa safarini au mgonjwa, na vitabu vinamtaja kwa kupitapita. Delamere alioa tena mwaka 1928, akamwoa Gwladys, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa Nairobi. Mwenyewe alifariki tarehe 13 Novemba 1931, na miaka 61, akazikwa Soysambu. Madeni aliyoacha benki yalikuwa pauni nusu milioni. Umesoma vizuri. Mtu aliyepewa nchi kwa nusu peni alikufa akidaiwa.

Jina lake likapewa barabara kubwa ya Nairobi, sanamu ikasimamishwa. Uhuru ulipokuja sanamu ikang'olewa ikapelekwa Soysambu, na barabara ile leo unaijua kama Kenyatta Avenue.

Ngano yenyewe haikusimama. Mwaka 1927 Njoro ilikuwa imepata kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu, na kazi iliyoanzia maabara ile ya shambani ikaendelea humo. Kwa vile kutu ya Kenya ni kali, ngano iliyovumilia huku ilitafutwa kote duniani. Miaka ya 1940 kijana Mmarekani aitwaye Norman Borlaug alikuwa Mexico akihangaika na kutu hiyohiyo. Akachukua ngano ya Kenya, akaiozesha na ngano ya Kiitaliano iitwayo Mentana, akapata mbegu aliyoiita Kentana. Mentana nayo mmoja wa mababu zake ni nani? Ni Rieti. Ile ya wakulima wa bondeni niliyokuambia uikumbuke. Borlaug alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1970, na sehemu ya damu ya ngano yake ilipitia Njoro.

Halafu ugonjwa ukatucheka. Mwaka 1998 huko Uganda ilionekana kutu ya shina ya aina mpya, iliyopewa jina Ug99 mwaka uliofuata. Ilipita kwenye kinga ambayo wakulima wa nchi nyingi walikuwa wakiitegemea, na miaka michache baadaye ilikuwa imeshavuka kuja Kenya. Mwaka 2005 Borlaug, mzee wa miaka 91, alipiga kamsa dunia nzima. Tangu hapo nchi nyingi hutuma mbegu zao Njoro zikajaribiwe, maelfu ya aina kila msimu: za kisasa, na zile za kienyeji zilizokaa kwenye hifadhi za mbegu tangu enzi za mabibi. Hupandwa kwenye mistari mifupi, kuzunguka kunapandwa ngano dhaifu iugue kwa makusudi ili imwage vumbi juu ya nyingine, na watafiti hupita wakiandika asilimia ya shina iliyoliwa na kama madoa ni madogo au makubwa. Ni mbinu ileile ya Delamere na Evans, ila sasa wanaoshika kalamu ni Wakenya.

Na si kazi ya kumalizika. Ngano ya Kenya iitwayo Robin ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikipambana na Ug99, wakulima wakaipenda kwa mavuno yake. Kufikia 2014 kutu nyingine ya ukoo uleule ilikuwa imeipatia njia. Shamba la Robin likageuka jekundu kama la mwaka 1909.

Nilimsimulia dani haya yote jioni moja, ametulia kwenye kigoda anachambua mtama. Msimu huo baadhi ya masuke yake yalikuwa yamegeuka vumbi jeusi kama masizi ya sufuria. Nilimwambia hiyo nayo ni kazi ya kuvu, na kwamba mara nyingi hujificha kwenye mbegu yenyewe. Hakushtuka. Alinionyesha mtama mwekundu aliorithi kwa mama yake, mfupi, mavuno si mengi, umesimama katikati ya ule mwingine mrefu ulionunuliwa dukani. Alikuwa anafikiria kuuacha msimu ujao, kwa sababu wajukuu tunasema ugali wake ni mchungu.

Kuhusu Delamere aliniuliza kitu kimoja tu, kama Wamaasai walirudishiwa lile shamba. Nikamwambia Soysambu bado iko mikononi mwa familia. Akanyamaza kidogo, akachukua masuke matano ya ule mtama mwekundu yasiyo na doa, akanipa niyafunge kwa kamba. Tuliyaning'iniza juu ya meko, moshi unapopita. Lile la sita alinipa nije nalo Nairobi. Liko hapa kwenye rafu ninapoandika, ndani ya mfuko wa karatasi uliokuwa wa chapati.